Zamu za Silinda: Mtetemo wa Injini Katika Darasa la Sita

Katika vijiji vya Ugogo, kabla mashine za kusaga hazijaenea, siku ilianza kwa mlio wa vinu. Mtu aliyelala ndani ya tembe aliweza kujua, bila kutoka nje, ni wanawake wangapi wanaotwanga. Akitwanga mmoja, mchi hupiga, halafu huwa kimya kwa muda wakati mchi unapanda, kisha hupiga tena. Wakitwanga wawili katika kinu kimoja, ule ukimya hujazwa na pigo la mwenzake. Wakiwa watatu, mapigo hufuatana kwa karibu hata sikio huyasikia kama mngurumo mmoja. Hakuna anayewahesabia. Kila mmoja anajua zamu yake, na asiyejua zamu hugonganisha michi na kumwaga uwele.

Nimeanza na kinu kwa sababu ndipo nilipoanzia darasani, na sijapata kuona mwanzo ulio bora zaidi wa kufundishia injini katika shule ya msingi. Ndugu mwanachuo, umekwisha kuambiwa mara nyingi kwamba somo litoke katika linalojulikana liende katika lisilojulikana. Ni kweli, lakini kanuni hiyo haikuambii ni lijulikanalo lipi. Kwa somo la injini wengi wetu huanza na picha ukutani: silinda imepasuliwa, mishale inaonyesha hewa iingiavyo na moshi utokavyo, na majina ya sehemu yameandikwa pembeni. Watoto huinakili picha hiyo vizuri sana, na baada ya kuinakili hawajui lolote ambalo hawakulijua jana, isipokuwa majina. Mimi naona picha hiyo ije mwisho.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nilikuwa nikifundisha katika kijiji kimoja kaskazini mwa mji wa Dodoma, si mbali na barabara iendayo Kondoa. Kijiji kilikuwa na mashine ya kusaga iliyoendeshwa na injini ya dizeli ya Lister, ile ya zamani yenye silinda moja iliyosimama wima na flaiwili mbili kubwa, moja kila upande. Injini za namna hiyo zilianza kutengenezwa Dursley, Uingereza, karibu na mwaka 1930, na nyingine za kuigiza zikatengenezwa baadaye Rajkot, India. Hutoa nguvu za farasi 6 tu, kwa mizunguko 650 kwa dakika. Ni mwendo wa pole mno kwa injini, na ndiyo maana zilidumu miaka mingi mikononi mwa watu ambao hawakuwa na vipuri wala vitabu.

Lakini ilitetemeka. Nyumba ya mashine ilijengwa ikipakana na ghala la kijiji, na ukuta wa pamoja ulikuwa umepata ufa uliotoka sakafuni hadi karibu na paa. Fundi mmoja aliyeletwa kutoka mjini aliitazama injini kwa muda mfupi, akasema imekwisha, kwamba moto unawaka vibaya ndani yake, na kwamba dawa ni kuiuza na kununua nyingine mpya ya silinda mbili. Fedha zilikuwapo. Zilitokana na mavuno ya zabibu ya misimu miwili, nazo zilikuwa zimetengwa kwa ajili ya bati za madarasa mawili. Maana tangu Elimu ya Msingi kwa Wote ilipoanza kutekelezwa mwaka 1977, watoto walikuwa wamezidi vyumba, na darasa la pili lilikuwa likisomea chini ya mbuyu. Halmashauri ya Kijiji iliitisha mkutano ili kuamua ama bati, ama injini. Kuifunga mashine hakukuwa shauri, kwa kuwa mashine iliyofuata ilikuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu, na wanaobeba debe kichwani si wanaume.

Siku chache kabla ya mkutano huo, msichana mmoja wa darasa la sita aliniuliza, "Mwalimu, mbona lori la kijiji lina injini kubwa zaidi, lakini ukiliegemea likiwa linanguruma halikutikisi kama mashine?" Lori lenyewe lilikuwa Bedford ya petroli, ya silinda sita. Swali hili ndilo lililozaa masomo ya wiki mbili, nami nitaeleza yale tu ambayo mwanachuo anaweza kuyarudia mahali popote.

Tulianza na kinu, kama nilivyosema, nje ya darasa, watoto wakitwanga mmoja, kisha wawili, kisha watatu. Ndipo tukaenda kwenye mashine siku isiyo ya kusaga. Mzee aliyeiendesha aliinua vali ya kutolea moshi ili hewa isibanwe, akawaacha watoto wazungushe flaiwili kwa mkono polepole. Waliona wenyewe kwamba vali hufunguka mara moja tu kwa kila mizunguko miwili. Pistoni hushuka ikivuta hewa, hupanda ikiibana, hushuka kwa nguvu ya moto, hupanda ikitoa moshi. Kazi ni nne, na ni moja tu inayolipa. Tatu zilizobaki huendeshwa kwa mkopo wa flaiwili. Somo la Hesabu lilipata nafasi yake hapo: ikiwa mizunguko ni 650 kwa dakika, mioto ni mingapi? Ni 325, yaani mitano na zaidi kidogo kwa sekunde. Mtwangaji mmoja, kwa kweli, na tena mwenye kupumzika sana.

Watoto wakadhani wamekwisha kupata jibu: injini inatetemeka kwa sababu inapiga na kunyamaza. Hili ndilo jambo ambalo fundi wa mjini naye alilisema kwa maneno mengine, na ni nusu ya ukweli. Mwalimu asiharakishe kulikubali wala kulikataa, atafute jaribio. Tulichukua bakuli pana la maji tukaliweka sakafuni karibu na msingi wa injini. Injini ilipokuwa ikikimbia, maji yalijaa viwimbi. Kisha mzee akakata mafuta na kuinua vali. Sasa hapakuwa na moto wala hewa ya kubanwa. Flaiwili tu zilikuwa zikiendelea kuzunguka kwa uzito wake. Maji hayakutulia. Viwimbi viliendelea karibu kama kwanza, na mwendo ulipopungua kufikia kiasi fulani, maji yaliruka juu ya ukingo wa bakuli, na vumbi likaanguka kutoka katika ule ufa wa ukuta. Baada ya hapo injini ikapita mwendo huo, maji yakatulia, flaiwili zikasimama.

Hapa pana mambo mawili makubwa, nami huyatenga kwa uangalifu mkubwa kila ninapofundisha. Kuna mtetemo utokanao na moto, ambao ni kuzungusha kwa mikupuo. Huo hutegemea idadi ya silinda na zamu za kuwaka. Na kuna mtetemo utokanao na uzito wa vyuma vinavyopanda na kushuka, ambao hauna habari na moto hata kidogo. Huo hutegemea jinsi silinda zilivyopangwa na umbo la kranki. Flaiwili huponya ule wa kwanza kwa kiasi kikubwa. Wa pili haiwezi kuuponya. Watengenezaji huweka uzito wa kusawazisha upande ulio mkabala na kiwiko cha kranki, lakini uzito huo unazunguka, na pistoni haizunguki, inapanda na kushuka tu. Ukiweka uzito wa kutosha kuizuia pistoni isirushe injini juu na chini, uzito huohuo utairusha injini kushoto na kulia. Basi kwa kawaida huwekwa kiasi cha katikati, na injini hubaki ikitikisika kidogo pande zote. Ndivyo silinda moja ilivyoumbwa. Haiwi hivyo kwa sababu imechakaa.

Kwa nini maji yaliruka katika mwendo fulani tu? Watoto waliojua bembea walijibu haraka. Bembea ina mwendo wake. Ukiisukuma kwa wakati wake hupaa, ukiisukuma ovyo hugoma. Msingi wa injini na ule ukuta navyo vina mwendo wao.

Yabaki lori. Niliwapanga watoto wanne mstari mmoja, wakishikana mabega, kila mmoja akiwa pistoni. Katika injini za silinda nne zilizopangwa mstari, kama ile ya Land Rover, kranki imepindwa hivi kwamba pistoni ya 1 na ya 4 ziko juu pamoja, wakati ya 2 na ya 3 ziko chini pamoja. Wa pembeni wawili husimama, wa katikati wawili huchuchumaa, kisha hubadilishana. Kila mtoto hutaja kazi yake: vuta, bana, waka, toa. Nikawauliza: je, tunaweza kuwasha kwa kufuata hesabu, moja, mbili, tatu, nne? Inaonekana kuwa ndiyo zamu ya haki. Wakajaribu, wakashindwa. Wa kwanza akiwaka, anashuka. Wa pili anapanda akibana, akifika juu anawaka. Sasa ni zamu ya wa tatu, lakini wa tatu alikuwa juu pamoja na wa pili, naye anashuka pamoja naye! Hawezi kuwaka mpaka apande tena, na mmoja wa wale wa pembeni amekwisha kufika juu kabla yake. Watoto waligundua wenyewe kwamba baada ya 1 anaweza kufuata 3 au 2, lakini wa tatu katika zamu lazima awe 4. Njia ni mbili tu: 1-3-4-2, au 1-2-4-3. Land Rover hutumia ya kwanza. Sikuwaambia hilo, walilisoma kwa kuchuchumaa.

Kisha tukaharibu zamu kwa makusudi, kama vile mtu aliyebadilisha waya za plagi ya 2 na ya 3. Kwa kuwa hizo mbili hufika juu pamoja, kila moja hupata cheche wakati inapomaliza kutoa moshi, ambapo hamna cha kuwaka. Injini hubaki na 1 na 4 peke yake, hukohoa katika kabureta, hutikisika, na haipandi mlima. Watoto waliicheza injini hiyo mgonjwa kwa furaha iliyozidi ile ya injini nzima.

Hapo ndipo mwalimu mwenye haraka angefunga somo, akisema kwamba nne ni bora kuliko moja kwa sababu wawili wanapanda na wawili wanashuka, uzito unalingana, mtetemo hakuna. Lakini Land Rover hutetemeka. Kila aliyekaa ndani yake kutoka Dodoma hadi Manyoni anajua, na si barabara peke yake. Kwa jambo hili tulitumia baiskeli. Tuliipindua, tukafunga fimbo ya sentimita 68 kwenye mkono wa pedeli wenye urefu wa sentimita 17, na ncha ya pili ya fimbo tukaielekeza ipande na kushuka kati ya vipande viwili vya mbao, kama pistoni katika silinda. Pedeli ikizunguka robo ya kwanza kutoka juu, ncha hushuka sentimita 19. Robo inayofuata hushuka 15 tu. Jumla ni 34, kama inavyopasa, lakini nusu zake hazilingani. Sababu ni fimbo: katika robo ya kwanza pedeli inashuka na wakati huohuo inaivuta fimbo pembeni, na kule kuinama kwa fimbo huongeza mshuko. Katika robo ya pili fimbo inarudi kunyooka na kupunguza.

Basi rudi kwa watoto wanne. Wa pembeni wakishuka 19, wa katikati wanapanda 15. Halafu wa pembeni wanashuka 15, wa katikati wanapanda 19. Hawalingani kamwe isipokuwa mwanzo na mwisho, na uzito wa wote kwa jumla hupanda na kushuka mara mbili kwa kila mzunguko. Mtetemo huu ni mdogo kuliko ule wa silinda moja, lakini ni wa haraka maradufu, na hakuna zamu ya kuwaka inayoweza kuuondoa, kwa kuwa hautokani na kuwaka. Mwingereza Frederick Lanchester aliutafutia dawa mwanzoni mwa karne ya 20: vyuma viwili vyenye uzito wa upande mmoja, vinavyozunguka kinyume kwa kasi mara mbili ya kranki. Kampuni ya Mitsubishi ya Japani ikaitumia dawa ya namna hiyo katika magari yake mwaka 1975.

Bedford haihitaji dawa hiyo. Watoto sita, jozi tatu: 1 na 6, 2 na 5, 3 na 4, kila jozi ikiachana na nyingine kwa theluthi ya mzunguko. Jozi moja ikiwa juu kabisa, mbili zilizobaki ziko kimo kimoja, lakini moja inapanda na nyingine inashuka. Ukipima kwa fimbo na baiskeli, utaona kwamba tofauti zote hujazana mpaka hakuna kinachobaki. Zamu ni 1-5-3-6-2-4, moto mmoja kila theluthi ya mzunguko, na zamu hiyo ina faida moja zaidi: haziwaki kamwe silinda mbili jirani kwa kufuatana, hivyo hewa na moshi hupita kwa nafasi, na mzigo haukazi sehemu moja ya kranki. Ubaya wa sita ni urefu. Kranki ndefu hujisokota kama kamba, ndiyo maana injini nyingi za namna hiyo huwekewa kituliza-msokoto mbele.

Mwenye nafasi aongeze Volkswagen, ile ya mgongo wa kobe, ambayo silinda zake nne zimelala mbili kushoto na mbili kulia. Pistoni zinazotazamana hutoka nje pamoja na kurudi ndani pamoja, kama watu wawili wanaosukumana viganja. Hata ile tofauti ya 19 na 15 hufutika, ukabaki mpindo mdogo kwa kuwa hazitazamani sawasawa. Gari hilo dogo ndilo Tommy Fjastad alilolitumia kushinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1962. Hata hivyo, Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, alishinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, yenye silinda nne za mstari. Mtetemo si kila kitu. Na wanafunzi wa Kongwa wanaweza kuwauliza babu zao juu ya matrekta ya mradi wa karanga, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951. Mengine yalikuwa vifaru vya vita vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Udongo ule, unaokauka ukawa kama saruji, ulivunja vyuma vya kila mpangilio wa silinda.

Mkutano wa kijiji ulifika. Mwenyekiti aliwaruhusu watoto wanne wa darasa la sita kuleta bakuli lao. Jaribio lilirudiwa mbele ya wajumbe, mafuta yakakatwa, maji yakaruka bila moto wowote ndani ya injini. Mzee mmoja aliuliza swali lililokuwa bora kuliko yetu yote: silinda mbili zingesaidia nini? Tulimwonyesha kwa watoto wawili. Zikipanda pamoja, moto huja kila mzunguko kwa utaratibu mzuri, lakini uzito hurushwa kama wa silinda moja, tena mara mbili. Zikipishana, mrusho mkubwa hufutana, lakini injini huyumba mwisho kwa mwisho, na mioto huja miwili karibu kisha kimya kirefu. Hakuna namna kati ya hizo mbili ambayo ingeuacha ukuta ule salama juu ya msingi uleule.

Msingi ndio uliofukuliwa. Ulikuwa mwembamba, umeunganishwa na sakafu, na sakafu imeunganishwa na ukuta wa ghala. Boliti mbili zilikuwa zimelegea ndani ya zege. Vijana wa kijiji walichimba shimo la kina cha kiuno, wakamwaga zege zito lililotengwa na sakafu kwa ufa wa upana wa kiganja, uliojazwa mchanga. Saruji ilipatikana kwa taabu, kama ilivyokuwa miaka ile, na mashine ilisimama wiki tano, jambo ambalo wanawake hawakulifurahia, nao walikuwa na haki ya kusema hivyo mkutanoni na walisema. Bati zilipandishwa kabla ya mvua za Desemba. Ufa wa ghala uliachwa, ukapakwa udongo, haukuongezeka.

Mwanachuo atakayelichukua somo hili azingatie mambo ya usalama: watoto wasikaribie flaiwili inayozunguka, mashuka na khanga zifungwe vizuri, na mwendesha mashine awe ndiye mwenye kauli humo ndani, si mwalimu. Kuhusu majina, nilitumia yale ya mafundi: silinda, pistoni, kranki, vali, taimingi. Yapo mengine ya kamusi, na ni vema kuyajua, lakini mtoto atakayepeleka swali lake gereji sharti aelewe jibu atakalopewa.

Yule msichana aliyeanzisha shauri lote hakuwa amemaliza. Aliuliza habari za silinda tatu, kama wale watwangaji watatu. Nilimjibu kwamba trekta la Massey Ferguson 135 lina injini ya Perkins ya silinda tatu, na hilo, kinyume na injini zote tulizozisoma, huwaka kwa kufuata hesabu: 1-2-3. Akafikiri kidogo, akasema kwamba wale wanawake huzunguka kinu, lakini silinda zimepangwa mstari, kwa hiyo wa mwanzo na wa mwisho lazima watainua ncha za injini kwa kupokezana. Jumamosi tulikwenda kwenye shamba la zabibu ambako trekta la aina hiyo lilikuwa likivuta tela la maji. Dereva aliliacha likinguruma polepole, naye msichana akaweka kiganja kimoja mbele ya injini na kingine nyuma yake.